Umeme wa matone: tupime mbele ya kununua



Mwisho wa musimu wa kahawa tulifika kwa kooperative moja yenye iko kwenye milima ya kando ya Ziwa Kivu. Tulienda kwa kazi yetu ya kawaida: kuangalia pepinyere, kuonyesha namna ya kukata matawi, na kuzungumuza na komite juu ya vitanda vya kukaushia kahawa. Lakini tulikuta komite iko na neno lingine juu ya meza. Kulikuwa sanduku ya mbao yenye kujaa udongo. Ndani walipanda kipande cha shaba na kipande cha bati, waya mbili zilikuwa zinatoka, na kampule kadogo kekundu kalikuwa kanawaka.

Mutu mwenye aliileta alikuwa amekwisha kwenda, lakini neno lake lilibakia: huu ni umeme wa udongo, hauishi, hauombi mafuta wala jua, na sanduku kumi zitachaji simu za memba wote. Komite ilikuwa na makuta kidogo pembeni, ya kununua bashi za kufunika kahawa wakati mvua inanyesha. Walituuliza: tuache bashi, tununue sanduku?

Tunaandika juu ya jambo hili sababu hawako peke yao. Katika vijiji vingi vya kwetu hakuna laini ya umeme, na mwenye hana kuran anasikiliza kila mutu mwenye anasema ameleta kuran. Maoni yetu ni haya: umeme mudogo wenye kuokotwa hapa na pale ni kitu cha kweli, na kooperative inaweza kuutumia vizuri. Lakini ni umeme wa matone. Mwenye anauza matone kwa bei ya pipa, tusimupe makuta ya bashi.

Tulipima nini

Tuliomba komite itupatie usiku moja. Kijana moja wa pale, mutoto wa memba, anatengeneza radio na tochi sokoni. Alileta multimetre yake. Tulifungua waya na kupima. Sanduku peke yake, bila kazi, ilionyesha karibu volti 0.9. Kisha tulipoiweka kwa kazi, ilishuka kwa 0.8, na ilitoa miliampere 1 tu.

Sasa tufanye hesabu pamoja, ni hesabu ya darasa la sita. Volti 0.8 mara ampere 0.001 ni wati 0.0008. Simu ndogo ya vidonge iko na batri ya miliampere-saa 1000 kwa volti 3.7, ni kusema wati-saa 3.7. Ukigawanya 3.7 kwa 0.0008 unapata masaa 4,625. Hiyo ni siku 192, zaidi ya miezi sita, kwa kujaza simu moja mara moja, tena bila kupoteza hata kidogo njiani. Sanduku kumi zitafanya siku 19. Mama mwenye simu yake imezimika leo hawezi kungojea siku 19.

Asubuyi udongo ulikuwa umeanza kukauka, na kampule kalikuwa kanafifia. Tulimwanga maji kikombe kimoja, kakarudilia kuwaka. Wengine walishangaa. Sisi wa-agronome tunajua sababu: maji na chumvi za udongo njo vinapitisha umeme kati ya shaba na bati. Udongo wa mfinyanzi wenye maji unapitisha vizuri, muchanga mukavu haupitishi.

Lakini hapa njo kuko kosa kubwa ya lile neno “hauishi”. Udongo hautoi ile nguvu. Udongo ni njia tu. Nguvu inatoka kwa zinki, ile yenye imepakwa juu ya bati. Zinki inaliwa polepole, na kwa kila ampere-saa moja inaisha karibu gramu 1.2. Zinki ikiisha, sanduku inakufa. Ni pile kama ile ya radio, tofauti ni kama hii imevaa udongo. Na zinki ile si ya bure: kuna watu waliichimba, pengine hata kwetu Kipushi kwenye shaba na zinki vinatoka katika shimo moja, kisha ikayeyushwa kwa moto mwingi. Mwenye anaweka zinki ndani ya udongo anarudisha kidogo sana ya ile nguvu yenye ilitumika kuitengeneza.

Tunaongeza neno moja la kilimo. Tumesikia wengine wanataka kupanda shaba na bati shambani kabisa, “sababu shamba ni kubwa, litatoa umeme mwingi.” Hapana. Kwanza, vipande vyenye viko katika udongo moja wenye maji haviongezani volti vizuri, juu udongo wenyewe unaviunganisha vyote. Kila kimoja kinapaswa kuwa na chombo chake. Pili, mahindi na maharagi yanahitaji zinki kidogo na shaba kidogo sana, lakini vikizidi vinakuwa sumu kwa mizizi. Wenye mashamba ya kahawa wanajua: dawa za shaba zenye tunapiga juu ya majani haziyeyuki kwenda mbinguni, zinashuka na kubakia katika udongo. Tusiongeze muzigo juu ya muzigo.

Kitu cha maana kilikuwa nyuma ya sanduku

Kijana wa radio alizungusha sanduku na akacheka. Nyuma kulikuwa kakifuniko, na ndani ya kifuniko vitu vine tu: kapete ka ferite kenye kuzungushiwa waya mbili, transistore moja, rezistansi moja, na waya za kwenda kwa kampule. Alisema: “Hii naijua. Mimi naiweka ndani ya tochi za watu.”

Mafundi wenye kuongea Kifaransa wanaiita voleur de joules, mwizi wa joule. Joule ni kipimo cha nguvu. Juu ya nini mwizi? Juu inaiba nguvu yenye ilibakia ndani ya pile yenye watu wanasema imekufa. Tueleze namna inafanya.

Pile mupya ya radio iko na volti 1.5. Ikishuka karibu na volti 1, radio inanyamaza, tunasema imekufa na tunaitupa. Lakini haikufa, imechoka tu. Ndani mungali nguvu, ila volti ni chini. Kampule ka LED keupe kanaomba karibu volti 3 kwa kuwaka, kwa hiyo pile ile peke yake haiwezi kukawasha. Ile transistore inafungua na kufunga kuran mara maelfu kila sekunde. Kila mara inapofunga, waya yenye kuzungushiwa ferite inasukuma nguvu yake mara moja, na volti inaruka juu mpaka LED inawaka. Macho yetu hayaoni ile kuzima na kuwaka, yanaona mwanga moja. Kasirkwi haka kanaendelea kufanya kazi mpaka pile ikishuka karibu na volti 0.6, sababu chini ya pale transistore ya silisiumu haifunguke tena.

Tuwe wazi: hakaongezi nguvu. Volti inapanda, ampere inashuka, na sehemu inapotea kwa joto. Mutu akikuambia kama kasirkwi kake kanatoa nguvu kuliko yenye inaingia, usibishane naye sana. Mwombe tu akazungushe bila pile.

Na vitu vyake viko wapi? Viko katika takataka ya soko. Kapete ka ferite kanatoka ndani ya ampule za ekonomi zenye zimekufa. Transistore inatoka ndani ya radio zenye kuharibika, LED ndani ya tochi za kuvunjika. Yule kijana alifungua kimoja na kukifunga tena mbele yetu, na kahawa yenye tulipewa ilikuwa ingali na moto.

Kazi ndogo kwa umeme mudogo

Sasa tufike pale kwenye kunatuuma. Usiku ule komite ilikuwa inazungumuza juu ya simu. Sisi tuliangalia kitu kingine. Saa kumi na mbili na nusu, giza likiwa limeingia, kulikuwa bado mama tano kwenye foleni ya mizani na kahawa nyekundu, ile tunaita serize. Serize haingojei kesho, inapaswa kupita kwa mashini siku ileile. Mwenye kupima alikuwa anashika simu yake kwa meno ili aone namba ya mizani, na karani alikuwa anaandika katika kaye kwa mwangaza wa sigareti ya mutu. Mama moja aliuliza: “Umeandika 18 ao 16?” Karani akajibu 18. Mama akanyamaza, lakini tuliona hakusadiki, na kwa kweli hakuna mutu angeweza kumuonyesha.

Ndugu zetu, kooperative nyingi hazivunjiki juu ya bei ya kahawa ya Ulaya. Zinavunjika juu ya kilo 2 zenye hazikuonekana katika giza. Memba mwenye amefikiri mara tatu kama wamemuibia, mara ya ine anapeleka kahawa yake kwa mununuzi wa njiani, hata kama analipwa kidogo.

Kwa kuangaza mizani na kaye, tunahitaji nini? LED moja nyeupe yenye kuwaka kwa nguvu zake zote inakula miliampere 20 kwa volti 3, ni kusema wati 0.06. Hata nusu yake inatosha kwa kusoma namba kama iko karibu. Hii njo kazi yenye inalingana na umeme wa matone. Pile za radio zenye wanakijiji wanatupa, ukizipanga moja baada ya ingine ndani ya kasirkwi haka, zinaweza kuangaza mizani muda wa mavuno bila kununua kitu.

Tena kuko njia nzuri kuliko pile za kuokota, nayo ni mwangaza wa muchana wenyewe. Wengi mumeona zile taa za bustani zenye zinauzwa mujini, zenye kuwa na kaplake kadogo juu. Ndani yake kuko batri moja ya volti 1.2 yenye kujazwa tena, na kasirkwi ka ndugu wa yule mwizi. Taa zile zinavunjika plastiki mbele ya plake kufa. Tuhesabu: kaplake ka miliampere 40, kakiona jua masaa 4, kanaweka miliampere-saa 160. Tuondoe karibu sehemu ya tatu kwa mawingu na kwa kupotea, zinabakia kama 110. Kasirkwi kakila miliampere 30, tunapata masaa 3 na zaidi ya mwangaza. Foleni ya mizani haipite masaa 3.

Na moto wa jikoni? Tunaulizwa sana swali hili. Ni kweli, tofauti ya joto inatoa umeme. Seebeck, mutu wa inchi ya Ujerumani, aliliona jambo lile tangu 1821, na katika miaka ya 1950 Umoja wa Kisovyeti ilitengeneza taa za petroli zenye chuma cha namna ile, joto la taa likawa linachezesha radio katika vijiji. Lakini inahitaji upande moja uwe wa moto na upande mwingine ubakie baridi, na kubakisha upande wa baridi karibu na makaa ni kazi. Vile vipande vyenye wanatoa ndani ya frigo ndogo havikutengenezwa kwa moto mwingi, ukiviweka karibu na makaa vinaharibika. Kwa leo, hatushauri kooperative itumie makuta pale. Kijana mwenye anataka kujaribu na vitu vyake, ajaribu.

Na simu basi? Simu inaomba plake ya jua ya kweli. Plake ya wati 5 kwa masaa 4 ya jua nzuri inatoa wati-saa 20. Hata tukikata nusu, zinabakia 10, na zinajaza ile simu ndogo mara mbili na kitu kinabakia. Linganisha na siku 192. Njo maana tunasema tupime.

Wenye hawakubaliane na sisi

Kuna wenzetu wenye wanasema tunapoteza wakati. Wanasema wakulima wamekwisha kudharauliwa vya kutosha, leo tunawaletea pile za kuokota na kampule ka tochi, wakati kwa mito yetu kuko maporomoko yenye yangeweza kuangaza inchi yote. Tunawasikia, na juu ya haki ya umeme wa kweli tuko pamoja nao. Kampule ka mizani kasiwe sababu ya mukubwa yeyote kusema “hawa wamekwisha kupata.” Tuendelee kudai laini, tuendelee kudai turubini. Lakini musimu wa kahawa unafika kila mwaka, na ile foleni ya mama iko pale leo jioni.

Wengine wanasema kinyume: tuwaachie watu waamini, pengine ile sanduku itaendelea kuwa nzuri. Hapa hatukubali. Yule mwenye aliileta pengine si mwizi, pengine yeye mwenyewe aliona kampule kanawaka akasadiki. Lakini kuwaka ni jambo moja, na kutosha ni jambo lingine. Makuta ya kooperative ni jasho la watu wengi. Kwa mbegu tunaomba jaribio la kuota mbele ya kununua kilo 100. Kwa umeme tuombe vilevile.

Angalisho juu ya pile

Mbele ya kumaliza, tunaomba jambo moja kwa nguvu. Pile zenye tumemaliza kunyonya, tusizitupe shambani wala ndani ya shimo la mboleo. Usiitie pile katika moto, inaweza kupasuka. Usijaribu kuchaji pile kavu. Usifungue batri ya simu wala kuichoma na chuma cha soduwa, inaweza kuwaka. Kuna batri za zamani zenye kujazwa tena zenye kuwa na kadmiumu, na ile sumu inapanda kwa urahisi katika majani ya mboga. Hatutaki kuikuta katika lengalenga ya watoto wetu. Kila depo iweke ndoo moja yenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na watoto na mbali na mbegu, mpaka tupate njia ya kuzipeleka mujini.

Tunaomba nini kwa komite

Kwa mukutano wenye unakuja, tunaomba kila komite iongeze mambo matatu.

La kwanza, kooperative inunue multimetre moja, ibakie kwa depo pamoja na mizani. Haiombi makuta mengi, na itasema kweli juu ya kila plake, kila batri na kila sanduku yenye watawaletea.

La pili, mutafute kijana ao binti wa kijiji mwenye anatengeneza radio, mumulipe kazi ya siku moja, atengeneze taa mbili: moja kwa mizani na moja kwa kaye ya karani. Afundishe wawili wengine. Ufundi ukibakia kwa mutu moja tu, siku yenye anahama taa inazimika.

La tatu, mutu akileta mashini ya umeme, mumuulize maswali matatu: inatoa wati ngapi ikiwa kwa kazi? Ni nini inaliwa ndani, na itaisha wakati gani? Unaweza kutuachia siku saba tuipime mbele ya kulipa? Mwenye kitu cha kweli hataogopa siku saba.

Ile kooperative ilinunua bashi. Sanduku ilirudishwa kwa mwenyewe kwa heshima. Kasirkwi, yule kijana alikafunga kengine ndani ya kopo ya nyanya na kukatundika juu ya mizani. Tulipopita tena, giza lilikuwa limeingia na foleni ilikuwa ingali. Mama moja aliinama mwenyewe, akasoma namba ya mizani kwa sauti, kisha akaangalia kaye. Ilikuwa 21 na 21. Akachukua kikapo chake, akaenda nyumbani.